Aliyebaki Nyuma ya Mkia

Mgeni alitokea wakati Filimbi, kiongozi wa matembezi, ameshapuliza kipenga cha kwanza na familia zimeanza kujipanga kando ya mfereji. Alikuja peke yake, akikanyaga kokoto kwa uangalifu kama mtu anayepita juu ya mayai. Alivaa koti la suti lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama yenyewe, na viatu vya ngozi vya kuendea harusini, si ziwani. Hakuwa na mke, hakuwa na mjukuu, hakuwa hata na mbwa.

"Ndiyo hapa kwenye matembezi ya familia?" akauliza.

"Ndiyo hapa, mzee, karibu," Filimbi akasema. "Wenzako wako njiani?"

"Wenzangu hawako njiani." Mzee akatoa kitambaa, akajifuta paji la uso. "Tangazo lilisema matembezi ya familia, njia rahisi, haina kilima. Mimi nimekuja kwa ajili ya hapo kwenye rahisi."

Watu wakacheka. Baba mmoja, aliyekuwa na pacha mmoja begani na mwingine amemng'ang'ania mguuni, akasema, "Mzee, hata mimi walinikamatia hapo hapo kwenye rahisi. Hawakuandika kwamba watoto hubebwa."

Filimbi alicheka pia, lakini alikuwa na tatizo. Zamani alikuwa mwalimu wa michezo, na kila kitu maishani mwake kilikuwa na mstari wake. Matembezi haya aliyaendesha kwa familia. Kila wanapofika kituo, yeye huita kutoka mbele: familia ya fulani! Mkubwa wa familia hiyo anaitikia, "Tumetimia!" Basi, anaita nyingine. Hahesabu vichwa, kwa sababu watoto hawatulii ukawahesabu; lakini hakuna mama asiyejua kama wanawe wametimia. Utaratibu huo haukuwahi kumwangusha. Sasa alimtazama mzee kama mtu aliyeshika kikombe na kabati limejaa.

"Mkia!" akaita. "Mchukue mzee. Nyinyi wawili leo ni familia."

Mkia alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kizibao cha njano, na jina hilo alipewa na kazi. Filimbi alitangulia, yeye alifunga. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma yake: mtoto akisimama kuokota jiwe, Mkia anasimama, mama akisimama kufunga kamba za viatu, Mkia anatazama maji mpaka amalize. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amewajua watu kwa visogo na visigino. Angeweza kukuambia nani anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto, na nani huwa anamshika mkewe mkono akidhani hakuna anayeona. Wao hawakumjua. Akikutana nao sokoni walimpita kama wanavyopita nguzo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kugeuka kumtazama vizuri. Mwisho wa matembezi, watu walipopiga picha mbele ya jumba la kale, yeye ndiye aliyeshikishwa simu.

Hakulalamika. Lakini Jumamosi hii ilikuwa na kitu chake.

Mdogo wake wa kiume, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, alikuwa anahama nchi pamoja na mkewe na binti yao mdogo. Walikuwa wanabadilishia treni hapa mjini. "Tutakuwa na saa na kitu hivi, dada," alikuwa amesema kwenye simu. "Tutakuja pale kwenye jumba unapomalizia kazi, si ni karibu na stesheni? Tunywe chai, umwone mtoto." Mtoto huyo Mkia hakuwahi kumshika. Alikuwa anamjua kwa picha tu na kwa sauti iliyokuwa inasema "shangazi" halafu inakimbia simu. Baada ya leo, hakuna aliyeweza kusema ni mwaka gani wangeonana tena. Tiketi zao zilikuwa za kwenda tu.

Kwa hiyo jana alikifua kile kizibao, akakianika dirishani mwa chumba chake nyuma ya duka la dobi, na leo begani alikuwa na mfuko wenye viatu vyekundu vya mvua. Namba aliikisia. Muuza duka alimwuliza mtoto ana mguu wa kiasi gani, naye akabaki anapima hewani kwa vidole, anaongeza, anapunguza.

"Haya, mwanafamilia," mzee akamwambia walipoanza kutembea. "Mimi nani wako? Mjomba? Baba mkwe?"

"Chagua mwenyewe, mzee."

"Basi baba mkwe. Nina uso wa baba mkwe."

Njia ya mfereji ilikuwa tambarare, na maji yalikuwa yametulia kiasi cha kuonyesha chini juu: miti, ukingo, msururu wa familia zikitembea vichwa chini. Mzee alitembea polepole mno. Mkia akapunguza mwendo, kisha akaupunguza tena, mpaka akawa kama anayengoja huku anatembea. Bata walipita kando yao.

"Waone," mzee akasema. "Juu wametulia kama mawaziri, chini miguu inachapa kazi. Mimi ni kinyume. Juu nina mipango chungu nzima, chini miguu imegoma."

Mkia akacheka kwa sauti, jambo ambalo hakulizoea kule nyuma. Hakukuwa na wa kucheka naye.

Walipofika kwenye malango ya maji, Filimbi akasimama na kuanza kuita. Familia ya Mapacha! Tumetimia! Familia ya Bibi Kofia! Tumetimia! Sauti zikaja zikishuka kwenye msururu, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. "Mkia?"

"Mwisho!" akajibu, na msururu ukasogea.

"Mbona wewe husemi tumetimia?" mzee akauliza.

"Mimi nikisema mwisho, maana yake nyuma yangu hakuna mtu. Wakisikia hivyo wanaondoka."

"Na mimi nani ameniitikia?"

"Si mimi? Nikisema mwisho, na wewe umo humo."

Mzee akalifikiria hilo hatua kadhaa. "Kumbe nimo," akasema, na akaonekana kufurahi kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Mfereji uliingia ziwani, na njia ikaanza kuzunguka maji. Hapo simu ya Mkia ikalia mlio wa ujumbe. *Tumeshuka dada. Tunatafuta teksi.* Alisoma huku anatembea, na miguu yake ikaongeza mwendo bila kumwomba ruhusa.

"Binti," mzee akasema nyuma yake. "Kokoto imeingia kiatuni. Wewe tangulia, nakuja."

Alikuwa anakaa kwenye benchi. Mkia akasimama. Ilikuwa ni kazi yake kusimama, na alisimama. Lakini simu ikalia tena, na safari hii ilikuwa picha: mtoto kwenye kiti cha nyuma cha teksi, ametoa ulimi, nywele zimefungwa mafungu mawili ambayo hayalingani. Alikuwa na kidevu cha mama yao. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto ana kidevu cha mama yao.

"Niko hapo mbele, mzee," akasema, akaanza kutembea na picha mkononi.

Kwenye daraja la mbao Filimbi akaita. Familia zikaitikia. "Mkia?"

"Mwisho!" akasema Mkia, bila kuinua macho.

Lilimtoka kama pumzi. Alilisema kila Jumamosi, na kila Jumamosi lilikuwa kweli. Msururu ukavuka daraja, naye akavuka wa mwisho.

Kwenye geti la viwanja vya jumba la kale, mlinzi alikuwa na beji za karatasi za kubandika kifuani, moja kwa kila mgeni aliyekatiwa tiketi asubuhi. Akazigawa, akabaki na moja kidoleni.

"Hii ya nani?"

"Rudia kugawa," Filimbi akasema. "Watu wangu wote wapo." Akaita familia upya, na zote zikatimia, moja baada ya nyingine, kwa furaha ya watu waliokaribia choo na chai. "Unaona? Hakuna familia iliyopungukiwa."

Mkia akageuka, akatazama njia waliyotoka. "Ni wangu," akasema. "Mzee. Nilisema mwisho na yeye hayupo."

Filimbi hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimtazama tu, akatazama watoto waliokuwa wameshaanza kupanda chemchemi. "Siwezi kuwaacha hawa," akasema kwa upole. "Wewe utaweza? Si una wageni wako?"

"Hawajafika. Nitakimbia." Akauvua ule mfuko begani, akampa. "Wakija kabla yangu, mpe mtoto. Mwambie shangazi anakuja."

Akarudi mbio juu ya daraja. Lile benchi lilikuwa tupu. Akaita, "Mzee! Mzee!" na aibu ikamshika, kwa kuwa hakuwa na jina la kumwita, kule mwanzo hakuna aliyemuuliza. Akaifuata njia ya pili, ile inayozunguka ziwa kwa upande wa matete, ndefu na isiyo na watu. Alikimbia, akatembea, akakimbia. Jumba la kale lilikuwa linaonekana ng'ambo ya maji, dogo kama sanduku la kiberiti, na kila alivyoendelea lilizidi kuwa dogo.

Alimkuta karibu na mwisho wa matete, amekaa juu ya mashua iliyofunikwa, koti limeloa upindo.

"Umekuja," mzee akasema. "Niliwaambia utakuja."

"Uliwaambia nani?"

"Bata." Akajaribu kucheka. "Niliona mtoto mwenye koti la njano, nikadhani ni sisi. Nikamfuata. Kumbe ni watu wengine kabisa. Walinisalimia vizuri, lakini hawakuwa sisi."

"Nisamehe, mzee. Nilikuacha."

"Nilikwambia utangulie."

"Sikupaswa kutangulia."

Simu ikalia. Alikuwa Filimbi. "Umempata? Mungu mkubwa! Kaeni hapo hapo, kigari cha bustani kinatoka sasa hivi. Mtafika mara moja. Na wageni wako wamefika, Mkia. Wamekaa nje, pale kwenye meza za chai."

Sauti ya Filimbi ilikuwa kubwa hata mzee aliisikia. Akaweka mkono juu ya mkono wa Mkia ulioshika simu. "Kigari hapana, binti."

"Mzee, umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Wakinibeba, watampigia mtu wa kwangu?"

"Ndiyo utaratibu wao. Akibebwa mtu mzima, lazima nyumbani wajue."

Mzee akatazama viatu vyake. Ngozi ilikuwa imeingia maji. "Nyumbani ni binti yangu. Ni mtoto mwema, usimdhanie vibaya. Lakini mara ya mwisho nilianguka sokoni, nikaletwa nimebebwa na watu, akalia sana. Akaniambia, baba, ukiletwa umebebwa tena, ufunguo wa nyumba yako nauchukua, unahamia kwangu. Nilikuwa nimemwambia leo niko ndani nasikiliza redio." Akakamua upindo wa koti. "Kwake kuna chumba kizuri. Dirisha linatazama ukuta. Wanatoka asubuhi wanarudi jioni, na mlango wanaufunga kwa nje, wasije wakanikosa."

Mkia akatazama ng'ambo ya maji. Kwa kigari, angekunywa chai na mdogo wake. Kwa miguu, na miguu yenyewe hii, pengine. Mzee akijikaza, pengine.

"Niahidi tutafika kwa miguu," mzee akasema. "Na usinishike. Ukinishika mkono, nitajiona kama nimebebwa. Tembea nyuma yangu, kama unavyotembea nyuma ya wale wote."

"Nakuahidi," Mkia akasema. Kisha akasema kwenye simu, "Filimbi, rudisha kigari. Tunakuja wenyewe."

Mzee akainuka kwa awamu: kwanza mikono, halafu mgongo, mwisho kabisa magoti. Akaanza kutembea. Mkia akamwacha atangulie, akamfuata.

Mwanzo mzee alijikaza kweli, na matumaini ya Mkia yakatembea pamoja naye. Lakini matete yalikuwa mengi kuliko nguvu zake. Akawa anasimama. Anapumua, anaangalia maji kama mtu aliyesimama kwa hiari yake, anaendelea. Mkia akajifunza kisogo hicho: nywele nyeupe zilizokatwa kwa mkono, upande mmoja juu kuliko mwingine, kazi ya mtu anayejinyoa mbele ya kioo kidogo na hana wa kumwambia geuka kidogo. Yeye pia alikuwa na sehemu za mgongo asizozifikia akijipaka mafuta. Alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Mdogo wake alipopiga, walikuwa bado hawajalifikia daraja.

"Dada, uko wapi? Mtu wa kipenga anasema uko ng'ambo ya ziwa."

"Niko njiani. Kuna mzee niko naye, amechoka."

"Si wana kigari? Nakiona hapa."

"Kipo. Hatupandi." Alitaka kueleza, lakini mzee alikuwa hatua chache mbele na masikio yake hayakuwa mabovu. "Nimeahidi kitu. Nitakueleza siku nyingine."

Siku nyingine ipi, hakuna aliyeuliza.

"Ningekuja huko nikukute," mdogo wake akasema, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema kwa upole, *treni*. "Ila nikija sirudi kwa wakati. Na mabegi haya."

"Hapana, usije. Viatu amepewa?"

"Amepewa. Vinambana kidogo, lakini hataki kuvua. Anapiga teke meza." Sauti yake ikabadilika. "Dada, wewe siku zote unangoja watu. Hata nikiwa mdogo, ukinipeleka shule ulikuwa unatembea nyuma yangu, nilikuwa naona aibu kwa wenzangu. Leo usingemwacha mtu mwingine angoje?"

"Nipe mtoto," Mkia akasema.

Kukawa na mkwaruzo, halafu pumzi nzito ya mtoto karibu mno na simu. "Shangazi, viatu vyangu vyekundu," mtoto akatangaza, halafu kama kawaida yake akakimbia, na Mkia akasikia mpira wa viatu ukipiga sakafu, pa, pa, pa, ukienda mbali.

Mzee alikuwa amesimama. Hakugeuka. "Kuna mtu anakungoja, binti?"

Neno moja tu lingetosha. Mzee alikuwa muungwana. Angepanda kigari, angekaa wima ndani ya koti lake la suti mbele ya familia zote, angetaja namba ya binti yake mwenyewe bila kuulizwa mara mbili. Mkia aliliona jambo hilo lote wazi kabisa, kama maji yalivyoonyesha miti.

"Hapana, mzee," akasema. "Hakuna haraka."

"Vizuri. Maana haraka sina."

Filimbi alipiga mara moja zaidi, akisema kwa kunong'ona, kitu ambacho hakukijua vizuri: dereva wa kigari amekaa tayari, aseme neno tu, wageni wanachukua mabegi. Mkia akamshukuru. Akamwomba awasindikize getini, awabebee hata begi moja. Kisha akaizima simu, akaitia mfukoni mwa kizibao.

Wakavuka daraja. Wakaingia barabara ya miti mikubwa, iliyopandwa na matajiri wa zamani kwa ajili ya magari ya farasi, barabara pana na ndefu kuliko haja ya mtu yeyote anayetembea kwa miguu. Majani yalikuwa yanaanguka bila upepo. Mahali fulani upande wa mjini treni ikapiga honi, mara moja, ndefu, halafu ule mngurumo ukaanza kujikusanya na kuondoka. Mkia alisikia unapita, unapungua, unabaki kama kitu ambacho pengine ni masikio tu. Mkono wake ulikuwa umejiinua wenyewe kidogo, kama wa mtu anayepungia. Akauteremsha. Machozi yalimtoka, naye akayaacha, kwani nyuma yake hapakuwa na mtu wa kuona na aliye mbele hakugeuka.

"Mimi," mzee akasema huku anahema, "kumbe napenda sana miti."

"Ni mizuri," Mkia akasema, akaitengeneza sauti yake. "Pumzika kama unataka."

"Nikipumzika hapa nitaota mizizi."

Chini ya ngazi za jumba Filimbi alikuwa amesimama peke yake. Meza za chai zilikuwa zinafutwa. Alipowaona alifungua mikono, akapiga hatua mbele amshike mzee kiwiko, na Mkia, kutoka nyuma, akatikisa kichwa. Filimbi akasimama. Akarudisha mikono yake nyuma kama mwalimu anayekagua gwaride, akasogea pembeni.

Mzee akazitazama zile ngazi. Zilikuwa chache na pana, zimelika katikati kwa nyayo za watu. Akalivuta koti lake likakaa sawa, akapandisha mguu mmoja, akaungoja mwingine umfikie. Kwenye ngazi ya katikati aliyumba, na mikono ya Mkia ikaruka mbele, ikasimama hewani karibu na mgongo wake bila kuugusa. Ilibaki hapo, wazi, mpaka mzee alipoupata mwendo wake tena, akamalizia ngazi ya mwisho, na akapita mlangoni kwa miguu yake.